Nani Atalipia Boksi? Roboti za Kupigana Zilivyotoka Runingani

Jumamosi jioni, simu nimeiegemeza kwenye chupa ya chai, natazama roboti mbili zikikimbiliana ndani ya boksi la plastiki angavu huko Norwalk, jimbo la Connecticut, Marekani. Kwao ni saa nne asubuhi, kwetu Dar es Salaam ni saa kumi na moja. Kila roboti ina pauni tatu, haifiki hata kilo moja na nusu. Ya kwanza ina diski ya chuma inayozunguka wima mbele yake. Ya pili ni bapa, imechongwa kama kabari. Zinagongana, na pigo lenyewe jicho haliwahi kulidaka. Kinachoonekana ni tairi likidunda ukutani, na ile bapa ikizunguka mahali pamoja kama kuku aliyechinjwa. Mwamuzi anahesabu hadi kumi, basi. Muda si mrefu boksi limefagiliwa na roboti nyingine mbili zinaingia.

Huwa hivyo kutwa nzima, mubashara YouTube, bila malipo. Ndiyo maana nikiulizwa mapambano ya roboti yalikufa lini, nashindwa kujibu kwa neno moja. Kwenye runinga yamefifia kweli. BBC iliifuta Robot Wars mwaka 2018, na msimu wa mwisho wa ubingwa wa BattleBots kuonyeshwa na Discovery ulikuwa wa mwaka 2023. Lakini roboti zinazojengwa na kupiganishwa wikendi hazijakoma, na zile ndogo zimeongezeka sana. Mambo haya mawili yanaonekana kupingana mpaka uangalie kitu ambacho kamera hukipita haraka: boksi lenyewe, ule uwanja uliozungushiwa kuta. Mchezo huu umeinuka na kuanguka kufuata swali la nani atalipia boksi lenye nguvu ya kutosha.

Kwanza niondoe utata mmoja. Roboti hizi kwa sehemu kubwa hazijiamulii chochote. Zinaendeshwa na mtu kwa rimoti, kama ndege ndogo za kuchezea. Kinachoshindanishwa ni ubunifu wa fundi, ubora wa vyuma vyake, mkono wa dereva, na uwezo wa timu kuirudisha mashine uwanjani baada ya kupondwa.

Karai lililoruka ukuta

Mapambano ya namna hii yalifanyika Denver tangu mwaka 1987, kwenye kongamano la wapenzi wa hadithi za kisayansi. Aliyeyapa sura ya tamasha ni Marc Thorpe, fundi wa vifaa vya filamu, aliyekuwa akijaribu kutengeneza mashine ya kufyonza vumbi inayoendeshwa kwa rimoti. Mashine ya vumbi haikumpeleka mbali, lakini wazo likageuka, na mwaka 1994 akaandaa Robot Wars ya kwanza pale Fort Mason, San Francisco.

Mwaka uliofuata ikaja Blendo. Ilijengwa na Jamie Hyneman, ambaye baadaye alijulikana duniani kwa kipindi cha MythBusters. Mwili wake ulikuwa karai la kupikia lililofunikizwa, likizungushwa na injini ya mashine ya kukatia nyasi, na pembeni limefungwa meno. Ilipowagusa wapinzani, vipande vyao viliruka ukuta wa uwanja na kwenda upande wa watazamaji. Waandaaji wakaitoa mashindanoni na kuipa ubingwa wa pamoja ili isiendelee kupigana. Hilo ndilo tukio ninaloliona kubwa kuliko yote katika historia ya mchezo huu, kwa sababu kwa mara ya kwanza fundi mmoja alijenga kitu ambacho boksi halikiwezi. Tangu siku hiyo kuta na silaha zimekuwa zikikimbizana.

Thorpe alishirikiana na wafadhili kutoka kampuni ya muziki ya Profile Records, wakaja kugombana mpaka mahakamani, na baada ya mwaka 1997 mafundi wa Marekani wakabaki na roboti zao bila pa kuzipeleka. Jina likavuka bahari. BBC Two ilianza kuonyesha Robot Wars ya Uingereza mwezi Februari 1998, na ikawa kipindi cha familia. Kulikuwa na roboti za wenyeji wa uwanja, kama Sir Killalot na Matilda, zilizongoja pembeni kumwadhibu aliyepotea njia. Kule Marekani, Trey Roski na Greg Munson, ambao walikuwa wameshindana na roboti yao ya kabari iitwayo La Machine, wakaanzisha BattleBots mwaka 1999. Mwaka 2000 ikaingia Comedy Central.

Jina la kituo hicho linaeleza nusu ya tatizo. Kilikuwa kituo cha vichekesho. Mafundi waliokesha wakichomelea vyuma walijikuta kwenye kipindi ambacho watangazaji wake walitakiwa kuchekesha. Mwaka 2002 kikafutwa. Robot Wars nayo ikahamia Channel 5 na kuishia huko mwaka 2004. Ikafuata miaka zaidi ya kumi ya ukame runingani. Watu hawakuacha: walikodi kumbi, wakajenga maboksi madogo, wakashindana na roboti za gramu 150 ambazo kanuni za Uingereza zilitaka ziingie kwenye mchemraba wa inchi nne wakati wa kuanza. Ujuzi wa miaka ile ya giza ndio ulioibeba runinga iliporudi.

Hesabu ya diski

Kituo cha ABC cha Marekani kiliirudisha BattleBots mwaka 2015, BBC ikairudisha Robot Wars mwaka 2016 kutoka Glasgow, na Discovery ikaipokea BattleBots mwaka 2018. Waliorudi hawakuwa na mashine zilezile. Katikati hapo zilikuwa zimeingia betri za lithiamu na mota zisizo na brashi, teknolojia ileile inayorusha droni. Betri nyepesi ilimaanisha kilo nyingi zaidi zinaweza kuwekwa kwenye silaha. Hapa inabidi tupige hesabu kidogo, maana bila hesabu hii huwezi kuelewa kwa nini runinga ilichoka.

Roboti ya uzito wa juu katika BattleBots ina mwisho wa pauni 250, kama kilo 113. Kanuni iliweka kikomo kwamba ncha ya silaha isizidi maili 250 kwa saa, kama kilomita 400. Chukua diski ngumu ya chuma ya kilo 25 inayozunguka hadi ukingo wake ufikie mwendo huo. Nishati iliyohifadhiwa ndani yake ni karibu sawa na ya gari dogo la tani moja, tuseme Vitz, likienda kilomita 45 kwa saa. Tofauti ni kwamba Vitz hugonga kwa bampa nzima, na diski hugonga kwa jino moja la upana wa vidole viwili.

Nishati hukua kwa mraba wa mwendo: ukizungusha mara mbili haraka zaidi, unapata mara nne. Kwa hiyo kila fundi anashawishika kuongeza kasi. Lakini kasi ina adhabu yake. Diski yenye meno mawili inayozunguka mara 6,000 kwa dakika hupitisha jino kila baada ya sehemu moja ya 200 ya sekunde. Mpinzani akija kwa mwendo wa mita 5 kwa sekunde, kati ya jino na jino anasogea milimita 25. Hicho ndicho kina cha juu kabisa ambacho jino linaweza kuuma. Ukipandisha kasi mara mbili, kina kinashuka hadi milimita 12 na nusu, na ukiendelea kupandisha, diski itafika mahali inakwaruza tu kama grenda badala ya kuuma. Dawa ni kuondoa jino moja, ili kina kirudi maradufu, na kusawazisha uzito upande wa pili ili mashine isitetemeke hadi ijivunje yenyewe. Ukiona roboti yenye jino moja tu, usidhani fundi aliishiwa chuma.

Halafu kuna kugeuka. Diski wima inayozunguka kwa kasi haitaki kuelekezwa upande, kama vile ile pia wanayochezea watoto inavyokataa kulala ikiwa inazunguka. Dereva akikata kona ghafla, tairi la upande mmoja linanyanyuka na roboti inayumba kama inataka kuanguka. Hiyo ndiyo ngoma unayoiona mara nyingi katikati ya pambano. Dereva mzuri huitumia, dereva mchanga hupinduliwa nayo.

Pamoja na taabu hizo, diski wima inapiga kuelekea juu. Inamrusha mpinzani, na sakafu inalipokea teke lake badala ya roboti yenyewe kusukumwa ubavuni. Paul Ventimiglia ni ushahidi wa kutosha. Huyu ni mhandisi ambaye mwaka 2009 timu yake ilishinda dola 500,000 kwenye shindano la NASA la mashine za kuchimba udongo wa mwezi. Roboti yake Bite Force ilichukua ubingwa wa BattleBots mwaka 2015 ikiwa na mkono wa kubana na kuinua. Akaibadilisha kabisa, akaweka silaha wima inayozunguka, na akashinda tena 2018 na 2019. Kama bingwa wa kubana ameona heri aachane na kubana, wengine wafanye nini? Misimu ya mwisho ilijaa mashine zinazofanana: tairi nne, kabari mbele, silaha wima katikati.

Uingereza ilienda njia tofauti kidogo, na sababu yake inanifurahisha kila nikiifikiria. Uwanja wa Robot Wars ulikuwa na shimo sakafuni na ukingo ambao mpinzani angeweza kurushwa juu yake. Kwa hiyo roboti za kupindua, zenye bamba linalofyatuliwa kwa gesi, zilibaki na silaha ya kweli. Chaos 2 ya George Francis ilitwaa ubingwa mara mbili kwa njia hiyo enzi za mwanzo, na hata baada ya mwaka 2016 mabingwa wawili kati ya watatu, Apollo na Eruption, walikuwa wapinduaji. Boksi la BattleBots limefungwa pande zote, lina upana wa karibu mita 14 na nusu kila upande na halina shimo. Humo kupindua hakutoshi, lazima uvunje. Umbo la boksi ndilo linaloamua roboti ya aina gani itashinda.

Bei ya dakika tatu

Sasa rudi kwa mtayarishaji wa runinga. Silaha zimekua, kwa hiyo kuta za polikaboneti, ile plastiki ngumu angavu, lazima ziwe nene zaidi, sakafu ya chuma ibadilishwe ikichanika, na paa liwe na mfumo wa kutoa moshi, kwa sababu betri ya lithiamu ikitobolewa huwaka moto mkali wenye moshi wa sumu. Huwezi kulijenga na kulibomoa boksi la aina hii kila wiki. Unakodi ukumbi mkubwa, unaleta timu zote pamoja, unarekodi msimu mzima kwa siku chache, halafu unakata na kuunganisha kwa miezi.

Miezi hiyo inaua kitu kimoja muhimu. Mpira tunautazama kwa sababu hakuna anayejua matokeo. Hapa mamia ya watu walikaa jukwaani wakaona bingwa, na wewe unaletewa habari yao miezi baadaye. Mashabiki wanaojiheshimu huziba masikio. Lakini mchezo unaotegemea watazamaji wazibe masikio hauwezi kuuzwa kama mchezo. Unauzwa kama kipindi, na kipindi huhesabiwa kwa watazamaji wa usiku ule na matangazo yaliyouzwa.

Upande wa mafundi hesabu ni kali zaidi. Roboti ya kilo 113 hugharimu makumi ya maelfu ya dola ukijumlisha spea, na spea si hiari: unapeleka fremu ya pili, diski za ziada, mota za akiba, kwa mapambano machache ya dakika tatu tatu. Timu nyingi hulipa kwa mishahara yao ya kazi nyingine na wadhamini wadogo. Mimi siamini kwamba watazamaji walichoka na roboti. Ninachokiona ni mtindo wa kulipia uliolegea pande zote mbili kwa wakati mmoja. Kampuni za runinga zilikuwa zinapunguza matumizi huku watazamaji wakihamia mtandaoni, na Discovery yenyewe ikaunganishwa na Warner mwaka 2022. Kipindi kinachohitaji jengo zima, wahandisi wa usalama na zimamoto hakiwezi kushindana na kipindi cha watu wanne wanaoonja chakula.

Walipohamia

Waliobaki na boksi kubwa wamejaribu kulifanyisha kazi kila siku. Tangu mwaka 2023 BattleBots wana onyesho la jukwaani huko Las Vegas, ambako mtalii anakata tiketi na kuona roboti zikivunjana usiku uleule. Kwa hesabu ya boksi ni jambo la busara, maana uwanja hausubiri msimu. Kwa hesabu ya mchezo si ligi, hakuna njia ya kijana kuingia na roboti yake na kupanda hadi juu.

Njia hiyo ipo Norwalk. Ligi ya NHRL, iliyoanza mwaka 2018 kwa fedha za mwanzilishi wa kampuni ya teknolojia, Austin McChord, ilichagua uzito wa pauni 3, 12 na 30, na haikwenda kwenye 250. Watu wa nje huona huo ni unyonge. Mimi naona ndio uamuzi uliookoa mambo. Boksi la roboti ya pauni tatu ni dogo, kwa hiyo yanawekwa kadhaa katika ukumbi mmoja na mapambano yanaendelea sambamba. Shindano zima linaisha siku moja, kwa hiyo linarushwa mubashara na matokeo hayawezi kuvuja. Roboti ikivunjwa, unatengeneza nyingine kwa printa ya 3D na mota za droni, na hasara yake haimfilisi mtu. Hata ukizimwa raundi ya kwanza, utarudi mwezi mwingine.

Ipo pia juhudi ya kurudisha utofauti. Baadhi ya mashindano ya Marekani yana daraja la pauni 30 linalokataza silaha za kuzunguka zenye nguvu kubwa, na kwa kanuni hiyo moja tu wakarudi wapinduaji, wabanaji, nyundo na misumeno. Madaraja ya roboti za plastiki tupu yanafanya kazi hiyohiyo kwa watoto. Uingereza nako, maonyesho ya kumbini ya roboti kubwa huendelea bila diski za nguvu kamili, kwa sababu ukuta wa kusafirisha kwa lori hauwezi kuzizuia. Brazil ilijenga ngome yake vyuoni: timu ya RioBotz ya chuo kikuu cha PUC-Rio, iliyoleta roboti Minotaur yenye silaha ya umbo la ngoma inayozunguka na kunguruma, ililelewa na profesa Marco Antonio Meggiolaro, ambaye aliandika mwongozo mzima wa ujenzi na kuugawa bure. Wahandisi wengi wa India huuanza mchezo huu kwenye tamasha la Techfest la chuo cha IIT Bombay.

China ilitaka kufufua upande wa runinga kwa fedha nyingi. Mwaka 2018 pekee yalitoka maonyesho makubwa kadhaa, likiwemo King of Bots la Zhejiang TV na This Is Fighting Robots la Youku, na yakaalika timu za nje. Wimbi hilo likashuka haraka. Mwezi Mei 2025 likaja jingine: roboti za umbo la binadamu aina ya Unitree G1, urefu kama sentimita 130 na uzito kama kilo 35, zikapigana ngumi ulingoni Hangzhou na runinga ya taifa ikaonyesha. Wengi wanasema huo ndio mustakabali. Nimetazama, na nilivutiwa na jinsi zinavyonyanyuka zikianguka. Lakini pale wapiganaji wote wametoka kiwanda kimoja. Swali linaloshindaniwa ni programu ya kusimama imara, na hilo ni swali zuri la sayansi. Swali la mtu aliyegeuza karai kuwa silaha ni lingine, na halijajibiwa hapo.

Kitakachopotea, kama hapatapatikana mlipaji, ni uzito wa juu. Mashine kama Tombstone ya Ray Billings, bingwa wa mwaka 2016, ina haja ya boksi ambalo duniani yapo machache sana. Ikikaa ndani ya kreti miaka mitano, dereva wake anazeeka, na ujuzi wa kusawazisha upau wa kilo makumi kadhaa hauhamii kwenye roboti ya gramu 150. Sioni runinga ikirudi kulipia hilo. Naona uwezekano zaidi kwa wenye ukumbi wa kudumu, kama Las Vegas, wakubali kuwaachia mafundi wiki moja kwa mwaka washindane kwa kweli huku ikirushwa mubashara.

Kwetu huku, anayetaka kuanza asianze na roboti. Mota ndogo zenye gia, kipokezi cha rimoti na betri hupatikana kwa wauzaji wa vifaa vya elektroniki au huagizwa mtandaoni, na chuma cha kukata hakijawahi kuwa taabu pale Gerezani, Dar es Salaam, wala Kamukunji, Nairobi. Taabu ni kuta. Zile shiti za polikaboneti za kuezekea vibaraza zina uwazi ndani, na kipande cha jino kitazipenya. Inatakiwa shiti iliyojaa, isiyo na nafasi tupu ndani, iliyofungwa kwa boliti kwenye fremu ya chuma, yenye paa, na mlango unaofungwa kabla fundi hajapewa ruhusa ya kuzungusha silaha. Shiti hiyo ni ghali kwa mtu mmoja, lakini boksi moja linatosha klabu tatu au nne za shule zikichangiana.